Nilianza na meza ya kugeuzia, babu akauliza maji yako wapi

Wasee, mnakumbuka niliwaahidi vidio ya shedi yangu ya treni? Wengine mmekuwa mkiuliza kila siku kwa komenti. Hamjaiona juu niliibomoa. Siku kumi na moja za kazi, nikang'oa kila kitu kwa kisu cha kukata karatasi, na leo nataka niwaambie kwa nini.

Kama wewe ni mgeni hapa: ninajenga reli ndogo. Ndiyo, najua, "mtu mzima anacheza na toi". Hiyo nimeizoea. Ubao wangu ni mlango wa flashi wa mitumba niliochukua Kibuye, urefu mita 2, upana sentimita 80, umelala juu ya kreti za soda nyuma ya kitanda changu. Juu yake kuna kituo cha kubuni nimekiita Nam, yaani ziwa, kwa wale hawaelewi Dholuo. Sijengi Kisumu pointi kwa pointi. Najenga mji mdogo wa bandari ambao ungeweza kuwa hapa pembeni, karibu mwaka wa 1972, wakati gari la moshi lilikuwa bado linatoa moshi kikweli.

Sasa, kila mtu anayependa reli ndogo huko YouTube ana kitu kimoja anachojivunia, na hicho kitu ni meza ya kugeuzia. Unachimba shimo la duara, unaweka daraja lenye reli katikati, injini inapanda juu, daraja linazunguka, injini inatoka ikitazama upande mwingine. Nyuma yake unajenga shedi ya mviringo, milango kumi au kumi na miwili, zote zikitazama lile shimo kama vipande vya chungwa. Manze, inapendeza. Ukiona injini inazunguka polepole kwa taa za usiku, unasahau una deni la rent.

Kwa hivyo mimi nilianza hapo. Kitu cha kwanza kabisa kwenye ubao kilikuwa meza. Shimo lilikuwa mfuniko wa sufuria kubwa ya mathe, sentimita 36, niliougeuza juu chini. Mathe bado anautafuta, na kama unasoma hii, mathe, nitanunua mwingine. Katikati niliweka bering ya gurudumu la pikipiki niliyopewa bure na fundi wa boda hapa Kondele. Daraja nikalitengeneza kwa kadibodi na waya wa baiskeli. Ilizunguka vizuri hadi nikapiga kelele usiku.

Shida ya kwanza ilikuwa hesabu. Reli yetu ya zamani, ile iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika hapa Desemba 20, 1901, wakati huu mji ukiitwa Port Florence, ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma. Vipande vya reli nilivyoletewa na anti yangu kutoka Leicester, pamoja na injini moja ya mitumba, vina upana wa milimita 16.5. Wazungu huvitumia na kipimo cha 1 kwa 87, lakini kwa kipimo hicho inatoka reli pana ya mita 1.435. Hiyo ni SGR, si reli ya babu. Nikapiga hesabu kurudi nyuma: 16.5 mara 60 ni milimita 990. Karibu kabisa na mita. Basi kila kitu changu ni 1 kwa 60. Binadamu ana karibu sentimita 3. Mlango wangu wote ni kiwanja cha mita 120 kwa 48, yaani mrefu kidogo kuliko uwanja wa mpira lakini mwembamba.

Inasikika kubwa mpaka uanze kuweka vitu. Injini ya tenda ya mita 20 hapa inakuwa sentimita 33. Shimo la meza, sentimita 36. Nafasi kati ya shimo na milango ya shedi, sentimita 20, la sivyo reli zinagongana. Shedi yenyewe, 35. Jumla ni 91, na mlango wangu una 80. Sikutaka kuamini. Nikafupisha shedi, nikabana reli, na injini ikawa inalala nusu nje kama mtu kwa kitanda cha mtoto. Nikajiambia kamera haitaonyesha.

Shida ya pili ni stima. Reli hizi ndogo zinapeleka umeme kwa injini kupitia zile chuma mbili, moja chanya, moja hasi. Sasa fikiria daraja limezunguka nusu duara. Chuma iliyokuwa kushoto iko kulia. Chanya imekutana na hasi. Mimi sikufikiria. Nilisikia harufu kwanza, halafu adapta ikafa. Dawa yake ni rahisi ukishajua: chini ya daraja unaweka pete ya shaba iliyokatwa vipande viwili, kila nusu na waya wake, na daraja linagusa pete hiyo kwa vidole viwili vya chuma. Likizunguka kupita pale kwenye mkato, umeme unajigeuza wenyewe. Nilikata pete kutoka kwa bomba la shaba la friji iliyokufa. Inafanya kazi hadi leo.

Kwa hivyo siku ya kumi na moja nilikuwa na meza inayozunguka, shedi ya mviringo iliyobanwa, na lundo la makaa ya mawe nililotengeneza kwa makaa ya jiko yaliyosagwa. Nikampigia babu simu aje aone.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu babu. Alianza kazi ya reli 1971, akiwa kijana kuniliko mimi sasa, mchochea moto kwenye injini za mvuke. Wakati huo kampuni bado ilikuwa ya nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Ilipovunjika 1977 akabaki upande wa Kenya. Najua hayo kwa sababu ya karatasi zake. Yeye mwenyewe hakuwa anaongea. Ukimuuliza kuhusu reli anasema "ilikuwa kazi", basi, anarudi kwa redio yake. Buda alinionya tangu nikiwa mdogo: usimsumbue mzee na maswali. Na sasa macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli, anakutambua kwa sauti. Ndio maana nilifanya haraka hivyo. Nilitaka aone wakati bado kuna kitu cha kuona.

Akaja Jumapili baada ya kanisa. Nikamweka kwa kiti, nikawasha taa zote. Nikamwambia, "Kwara, hii ni shedi ya loko. Shika uone."

Akaweka mikono juu ya ubao kama mtu anayetafuta miwani. Alipitia reli, akapitia shedi, vidole vikaingia kwenye shimo la meza. Akanyamaza muda. Halafu akauliza:

"Maji yako wapi?"

Nikasema sijaweka bado.

"Mchanga?"

Sikuwa naelewa mchanga ni wa nini.

Vidole vikafika kwenye lundo langu la makaa. Akachukua kidogo, akanusa. "Haya ni makaa ya nini, nyakwara?"

Nikasema ni ya injini, si alikuwa mchochea moto?

Wasee, mzee alicheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo. "Sisi tulichoma mafuta," akasema. "Mafuta mazito, meusi. Hiyo koleo unaniwazia nayo ni ya sinema."

Na hapo akaanza kuongea. Nilikuwa na simu mfukoni, nikairekodi. Aliongea saa moja na nusu.

Nimejifunza hivi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili reli yetu ilianza kugeuza injini zake zitumie mafuta badala ya kuni na makaa. Kazi ya mchochea moto haikuwa kupiga koleo. Ilikuwa kukaa na mkono kwenye vali na jicho kwenye moshi. Moshi mweusi sana, unapoteza mafuta na unaziba mirija. Hakuna moshi kabisa, hewa ni nyingi na unapoteza joto. Unatafuta ule wa kijivu mwepesi. Na dereva wako anakupigia kelele ukikosea.

Mchanga ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza, kumwagwa mbele ya magurudumu yasiteleze. Kumbukeni tuko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya bahari hapa ziwani, na ukielekea Nakuru unapanda Kibos, Miwani, Muhoroni, Fort Ternan, Londiani, mpaka Mau Summit ambayo inapita mita 2,500. Reli ikilowa umande, bila mchanga hupandi. Ya pili nilikuwa sijawahi kuisikia: walikuwa wanatupa mchanga kidogo ndani ya moto wenyewe, mvuto wa bomba unaufyonza kupitia mirija ya boila, unasugua masizi na kuyatoa juu. Ndio maana ukiona picha za zamani kuna wakati injini inatoa wingu jeusi ghafla.

Na mchanga huo lazima uwe mkavu. Kwa hivyo shedi inahitaji pahali pa kuukausha. Na maji lazima yawe karibu na mahali injini inasimama, si mbali, juu kila injini inayoingia inataka maji kabla ya kitu kingine. Na shimo la ukaguzi, ili fundi aingie chini kwa miguu yake. Na tanki la mafuta mbali kidogo na kila mtu. Halafu, baada ya hayo yote, ndio unageuza injini, ndio inaenda kulala.

Mimi nilikuwa nimepanga kinyume. Nilianza na kitu cha mwisho juu kinapendeza kwa kamera, kisha nikasukuma vitu vingine vyote kwenye mabaki ya nafasi. Shedi yangu haikuwa na pahali hata pamoja pa mtu kufanya kazi. Ilikuwa shedi ya kutazamwa.

Nikamuuliza sasa swali ambalo lilikuwa linanitesa: tunahitaji meza kweli? Juu nilikuwa nataka kuweka Garratt, ile kubwa, klasi ya 59. Kama hamjui, hiyo ni injini ya ajabu. Zilitengenezwa 34 tu, Manchester, 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Karibu mita 32 kwa urefu, tani 250 hivi. Moja, 5918 Mount Gelai, iko jumba la makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kwenda kuishika. Boila iko katikati, na kila upande kuna seti yake ya magurudumu na silinda. Haina mbele wala nyuma kikweli. Inaenda pande zote mbili sawa.

Babu akasema mambo mawili. Kwanza, "Hiyo ilikuwa ya Mombasa na Nairobi. Unaileta huku kufanya nini?" Pili, "Na hata ukiileta, Garratt unaigeuzia nini?"

Akanimaliza na swali moja. Injini niliyotaka kuiweka juu ya meza ndiyo isiyohitaji meza. Na kwa kipimo changu ingekuwa sentimita 53, haingetosha hata kwenye ule mfuniko wa sufuria.

Lakini sikukata tamaa, na hapa ndio nataka msikilize wale mnapanga vitu vyenu. Kuna injini zingine ambazo zinahitaji kugeuzwa. Zile za tenda, kama klasi za 29, 30 na 31 zilizopewa majina ya makabila yetu. Ukiziendesha kinyumenyume, tenda iko mbele, dereva haoni vizuri, upepo na vumbi vyote usoni. Na mji kama huu wetu ni mwisho wa safari. Tangu 1931 njia kuu ya Kampala ilipopitia Eldoret, treni ya Nairobi ikifika hapa imefika. Inaingia ikitazama ziwa, lazima itoke ikitazama milima. Kwa hivyo kugeuza ni shida ya kweli kwa mji wa mwisho wa reli. Si urembo.

Kuna njia mbili za kugeuza. Ya kwanza ni pembetatu: unaweka reli kama herufi Y iliyofungwa juu, injini inaingia mguu mmoja, inarudi nyuma kwa mwingine, inatoka imegeuka. Haina mashine, haiharibiki, inataka ardhi tu. Ya pili ni meza: inataka shimo, chuma na mtu wa kuitunza, lakini inakaa pahali padogo. Nilichora pembetatu kwa kipimo changu. Kwa mkunjo ambao injini yangu inaweza kupita, ilitaka zaidi ya mita moja kila upande. Mlango wangu una sentimita 80. Basi meza ikarudi, lakini safari hii imerudi kwa sababu.

Ndio nikabomoa. Ramani mpya ni hii, mniambie mnaonaje. Injini inaingia kutoka kulia. Kwanza inasimama kwa maji, na mchanga uko hapo hapo, hatua chache, na kibanda cha kuukausha kina bomba la moshi. Mbele kuna shimo la ukaguzi la sentimita 30. Tanki la mafuta liko nyuma kabisa, karibu na ukingo. Kisha meza, ile ile ya mfuniko, na kutoka hapo reli mbili tu zilizonyooka zinaingia kwenye shedi ya milango miwili. Shedi ya mviringo imekufa. Reli ya tatu inapita kando ya meza bila kuigusa, ya zile zisizotaka kugeuzwa. Vyote vinatosha, na zimebaki sentimita 14 upande wa ziwa.

Kabla babu aende, nilimwambia ajaribu kusukuma daraja. Nilikuwa nimeweka injini juu. Akaweka kidole kimoja kwenye ncha, akasukuma. Likaenda kidogo, likakwama. Akasukuma tena. Akatikisa kichwa.

"Uzito uko upande mmoja," akasema. Akashika injini yangu, akaisogeza nyuma labda nusu sentimita. Akasukuma na kidole kile kile. Daraja likazunguka duara nzima bila sauti.

Akanielezea kwamba dereva anayejua kazi anasimamisha injini pahali ambapo uzito wake umekaa juu ya ekseli ya katikati. Akifaulu, watu wawili wanaweza kusukuma injini ya tani nyingi sana kwa mikono. Akikosea nusu mita, hata watu kumi watalia. Mimi nilikuwa nimepanga kununua mota ya kuzungusha daraja juu nilidhani bering ni mbaya. Mzee asiyeona alijua kwa kidole.

Sasa anakuja kila Jumapili. Nina rekodi za saa sita. Buda alikuja mara ya kwanza wiki iliyopita, akasimama mlangoni kama hayuko, halafu nikamwona amevuta kreti. Kuna mambo ambayo hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kwa babake mwenyewe.

Kuna wale mtaniambia hii hobi ni ya wazee wa Uingereza wenye gereji kubwa. Sawa, wao wana vitabu, wana picha za kila shedi kutoka kila pembe. Sisi tuna wazee. Na wazee hawana nakala. Kama kwenu kuna mtu alifanya kazi reli, bandarini, kwa meli za ziwa, au kiwanda chochote kilichofungwa, usimuulize "ilikuwaje". Atakwambia "ilikuwa kazi", kama babu. Mpelekee kitu kilichokosewa, hata mchoro kwa karatasi, umwache akusahihishe.

Vidio bado haijakuwa tayari. Nilidhani nimemaliza ramani, mpaka Jumapili hii babu alipopitia ubao wote kwa vidole tena, maji, mchanga, shimo, tanki, meza, shedi. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akauliza:

"Na sisi tutalala wapi?"

Juu wafanyakazi wa treni wanaofika usiku kutoka Nakuru hawaendi nyumbani. Wanalala hapo hapo kituoni, wanapika, wanasubiri treni ya kurudi. Sikuwa nimeweka nyumba. Nina sentimita 14 zimebaki upande wa ziwa. Itakuwa na vitanda vinne, jiko la nje, na mlango unaotazama maji. Nikimaliza, ndio mtaona.